Udada wa Kuchagua

Ndugu wa kuzaliwa hupatikana bila ya kuombwa. Mtoto hufumbua macho akawakuta wamekwisha kuwapo. Akiwapenda ni ndugu zake, akiwachukia ni ndugu zake vile vile, wala hapana hakimu awezaye kuwafuta. Ndugu wa kuchagua ni wa namna nyingine. Huyu hutafutwa, hupimwa, huapishwa, akapewa jina na alama. Na maadamu alipatikana kwa kuchaguliwa, aweza pia kupotea kwa kuachwa. Wahenga walisema kuwa damu ni nzito kuliko maji, lakini hawakusema kuwa maji hayana kazi. Katika vyuo vya Marekani wako wanawake ambao kwa zaidi ya miaka 150 wamejitafutia ndugu kwa njia hii ya pili. Habari zao zastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu sifa na lawama zimeota humo katika shina moja, na mwenye kukata moja bila ya kutazama aweza kukata zote mbili.

Vyama vyao huitwa kwa neno lililofinyangwa kutoka Kilatini, lugha ambayo dada humwita soror. Yasemwa kuwa aliyelitoa neno hilo ni mwalimu wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Syracuse, alipowaona wasichana wanne wakianzisha chama chao mwaka 1874. Jambo lenyewe lilitangulia jina. Mwaka 1851 wasichana wa chuo kimoja huko Macon, katika jimbo la Georgia, walikwisha kufanya umoja wa siri; mwaka 1867 wenzao wa Monmouth, Illinois, wakafanya wao; na mwaka 1870 wasichana wanne wa Greencastle, Indiana, wakafanya wao pia. Juu ya mkuu wa hao wa Greencastle, Bettie Locke, husimuliwa kwamba wavulana wa chama fulani walimpa beji yao aivae kama pambo, lakini si kama mwanachama. Akaikataa, akaunda chama ambacho beji yake ingekuwa yake kwa haki.

Hadithi hiyo fupi yaeleza chanzo chote. Mwanamke wa chuo katika zama zile alikuwa mgeni aliyevumiliwa. Alikaa darasani pamoja na wavulana waliomtazama kama kioja, akafundishwa na walimu ambao wengine waliona kuwa akili yake itachoka kabla ya mwaka kwisha. Alihitaji mahali ambapo hangeulizwa amefuata nini. Wavulana walikuwa na vyama vyenye majina ya herufi za Kigiriki, viapo na salamu za mkono. Wanawake wakavitwaa vitu hivyo vivyo hivyo, kama mtu anayeazima nguo kwa jirani akaipunguza mikono imtoshe mwilini. Kwa hiyo ipo Alpha, ipo Delta, ipo Zeta. Na herufi za watu waliokufa kale zikawa majina ya ukoo ya mabinti wa Marekani.

Lakini udada huo wa kwanza ulikuwa na ukuta. Msichana mweusi hakuingia. Katika vyuo vingi hakupewa hata kitanda bwenini, sembuse kiti katika chama. Ukuta huo ulidumu muda mrefu kupita unavyodhaniwa: mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Alabama, gazeti la wanafunzi lilifichua kuwa vyama vya wasichana weupe vilikuwa vikiwakataa wenzao weusi kwa rangi yao, na ndipo milango ikaanza kufunguliwa. Aliyefungiwa nje ana njia mbili: kubisha mpaka mkono uume, au kwenda kujenga yake. Wengi walibisha. Wengine walijenga, na jengo lao ndilo kiini cha maneno haya.

Mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kukoma, palifunguliwa mjini Washington chuo kikuu kilichopewa jina la jemadari Oliver Otis Howard. Kilipokea wanaume na wanawake, wala hakikubagua rangi. Lakini zaidi kilikuwa tegemeo la watoto wa watu waliotoka utumwani. Mwanamke mweusi aliyefika pale mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amekwisha kuvuka mito miwili, mto wa rangi na mto wa jinsia, na mbele yake ilikuwapo bado safari. Tarehe 15 Januari 1908 wasichana tisa, wakiongozwa na Ethel Hedgeman, walianzisha Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha udada cha wanawake weusi wa vyuo. Miongoni mwao alikuwako Lucy Diggs Slowe, ambaye mwaka 1917 alishinda ubingwa wa tenisi wa taifa wa chama cha wachezaji weusi, na mwaka 1922 akawa mkuu wa wanafunzi wa kike wa chuo kile kile alichosoma.

Kila nyumba yenye ndugu huona ugomvi, na nyumba hii haikungoja sana. Mwaka 1912 wasichana waliokuwa wakisoma Howard walitaka kubadili mambo. Jina halikuwapendeza, alama hazikuwatosha; zaidi ya hayo waliona kuwa chama kimejifungia mno katika mambo ya bweni na karamu, ilhali huko nje wanawake walikuwa wakidai kura na watu weusi wakiuawa pasipo hukumu. Nellie Quander, aliyekuwa ametangulia kumaliza masomo, alipopata habari aliwataka waache mara moja. Hakuona kuwa kitu kilichoanzishwa na dada waliotangulia ni halali ya wachache kukigeuza. Wao hawakuacha. Tarehe 13 Januari 1913 wasichana 22 walianzisha chama kipya, Delta Sigma Theta. Na tarehe 29 ya mwezi ule ule Quander na wenzake wakaiandikisha Alpha Kappa Alpha kisheria, ili pasiwe tena na kizazi kitakachoweza kuizima kwa kura ya siku moja.

Ni vigumu kusema nani alikosa. Mmoja alitetea amana, wengine walitetea haja ya wakati wao. Na jamii isiyokuwa na watu wa namna zote mbili ama huoza ama huyumba. Mtazamaji wa siku zile angeweza kuapa kuwa udada umekufa: dada wamegawana nyumba, hawasemezani, kila upande una rangi zake. Jambo lililofuata katika muda usiotimia miezi miwili lilikuwa jawabu.

Tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa rais, maelfu ya wanawake waliandamana Washington kudai haki ya kupiga kura. Waliotengeneza maandamano walikuwa weupe, na wengi wao waliogopa kwamba wanawake wa majimbo ya kusini wangekasirika kutembea pamoja na weusi. Palitoka shauri kwamba weusi wakae nyuma. Wale wasichana 22 wa Delta walikwenda, naye Mary Church Terrell alikuwa pamoja nao. Na kutembea kwao siku hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya chama chao mbele ya watu. Lakini mwezi wa Februari, kabla ya siku yenyewe, alikuwako mwanamke aliyewaandikia barua wakuu wa maandamano kuwaomba wanawake wa Howard wapewe mahali pa heshima, na kusema kuwa hawapendi kuingia ikiwa watabaguliwa kwa rangi yao. Mwandishi wa barua hiyo alikuwa Nellie Quander. Waliogombana juu ya jina na alama walikutwa na haja moja katika njia moja. Kumbe udada hauko katika alama. Alama ni mlango tu, na milango ya nyumba yaweza kuwa miwili.

Baada ya hivyo vilitokea vyama vingine. Zeta Phi Beta ilianzishwa Howard na wanawake watano tarehe 16 Januari 1920. Sigma Gamma Rho ilianzishwa na walimu saba wa kike mjini Indianapolis tarehe 12 Novemba 1922, katika jimbo ambalo siku zile kundi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu kubwa. Mtu asiyejua historia hushangaa kuona mapenzi ya vyama hivi kwa tarehe. Lakini mwezi wa Januari, theluji inapolala Washington, tawi la Delta husherehekea tarehe 13, la Alpha Kappa Alpha tarehe 15, na la Zeta tarehe 16. Hivyo katika muda wa siku nne chuo kimoja husikia majina ya waasisi wa vyama vitatu mbali mbali yakitajwa kwa sauti, kama ukoo unavyotajwa katika kisomo cha marehemu.

Maisha ya tawi huendeshwa kwa taratibu ambazo mgeni huona ni michezo na mwenyeji huona ni sheria. Matawi hupewa majina ya herufi kwa kufuatana, na tawi la Howard, kwa kuwa ndilo la kwanza katika vyama vitatu, huitwa Alpha katika vyote vitatu. Wapo viongozi, mwandishi na mweka hazina. Alpha Kappa Alpha huwaita kwa majina ya Kigiriki, ambamo mkuu wa tawi ni Basileus, yaani mfalme, ijapokuwa ni msichana wa miaka 20 anayedaiwa bado ada ya masomo. Ipo ada ya chama, ipo mikutano, kuna alama za masomo ambazo mtu akishuka chini yake hawezi kuingia, na kazi ya huduma yenye kuhesabiwa. Wanachama huitana Soror, yaani Dada. Bibi wa miaka 80 akikutana na msichana wa miaka 19 katika kituo cha reli, akaona beji yake, humwita kwa neno hilo. Na kwa neno hilo msichana aliyekuwa peke yake safarini huwa na mtu.

Rangi hutunzwa kwa wivu. Waridi na kijani kibichi ni za Alpha Kappa Alpha; nyekundu na maziwa ni za Delta; buluu na nyeupe ni za Zeta; buluu na dhahabu ni za Sigma Gamma Rho. Alpha Kappa Alpha huthamini lulu 20, moja kwa kila mwanamke anayehesabiwa kuwa mwasisi. Kila chama kina mwito wake wa sauti, na asiye wao haupigi, kama mtu asivyopiga mbiu ya mji asiokaa. Katika uwanja wa Howard vyama vina miti yao, na chini ya mti wa chama wanachama husimama, huimba, na hupiga hatua. Kupiga hatua ni ngoma isiyokuwa na ngoma: miguu hupiga chini, viganja hupiga mapaja, sauti hujibizana, na mwili wenyewe huwa chombo. Vyama hushindana kwa hatua hizo mbele ya watu, na humo husifiana na kuumbuana kwa maneno yaliyofumbwa. Msomaji wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa sana. Bibi zake walicheza lelemama katika vikundi vyenye vyeo na sare, wakashindana kwa mavazi na nyimbo za mafumbo mpaka mtaa ukagawanyika. Na mwenzao alipofiwa, kikundi ndicho kilichopika.

Kuingia ndiko kwenye uzito. Msichana anayetaka chama hatakiwi kujitangaza. Hujifunza habari zake kimya kimya, huhudhuria kazi zake za wazi, huonekana bila ya kujionyesha. Na siku ya kuomba ikifika hupeleka barua na vyeti vyake, na waliomo hupiga kura. Wengine hukubaliwa na wengine hukataliwa, na aliyekataliwa haambiwi sababu. Uchungu wa jambo hili hauzungumzwi kwa kadiri yake. Msichana ambaye mama yake ni mwanachama, na bibi yake pia, na ambaye tangu utoto aliona lulu zile katika kisanduku kitandani pa mama, akirudi chumbani usiku ule bila ya jina lake kutajwa, huwa amepoteza kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Na msiba wa namna hii hauna matanga. Udada wa kuchagua, kwa kuwa ni wa kuchagua, hauna budi kuwaacha wengine nje. Kila anayeusifu na akumbuke kuwa mlango huo huo unaomfurahisha aliyeingia umefungwa usoni mwa mwingine.

Waliokubaliwa zamani walipangwa mstari. Waliwekwa kwa kimo, mfupi mbele na mrefu nyuma. Kila mmoja akapewa nambari, na nambari ile akakaa nayo maisha. Walipewa jina la pamoja na jina la mmoja mmoja, walivaa namna moja, walitembea pamoja, walijifunza kwa moyo majina ya waasisi na historia ya chama. Mwisho wake walitolewa mbele ya chuo wamefunikwa nyuso, wakiwa nyuma na mbele kama shanga za uzi mmoja. Wakasoma waliyofundishwa, kisha nyuso zikafunuliwa, na mama zao waliokuwa katika umati wakalia. Mstari wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1990, kwa sababu zitakazotajwa, lakini desturi ya kuwatoa wapya mbele ya watu ingaliko, na majina na nambari vingali vyatumika. Aliyekulia pwani hukumbuka mwari. Naye hufichwa, hupewa kungwi, hufundishwa yale yasiyosemwa nje, kisha hutolewa kwa vigelegele akiwa mtu mwingine. Vitu hivi havikuzaliwa na mzazi mmoja. Lakini haja iliyovizaa ni moja. Binadamu hatosheki kuambiwa kuwa amekua. Ataka apitishwe mahali, na watu wamshuhudie akitokea upande wa pili.

Hapa ndipo penye jeraha, wala haifai kulipita kwa adabu. Baina ya kumfundisha mwari na kumtesa mwari pana hatua moja, na waliovuka hatua hiyo ni wengi. Katika vyama vya wanaume na vya wanawake, vya weupe na vya weusi, wageni wamenyimwa usingizi, wamepigwa, wamelishwa na kunyweshwa visivyofaa, wamekimbizwa usiku, wameambiwa kuwa hayo ndiyo bei ya undugu. Vyama vikuu vya weusi vilikubaliana mwaka 1990 kuufuta muda wa majaribio na kuweka utaratibu mfupi wa kuingiza wanachama. Uonevu haukufa, bali ulihamia gizani. Mwezi wa Septemba 2002 wanafunzi wawili wa kike walikufa maji usiku katika ufuo wa Los Angeles, na jamaa zao wakafungua kesi wakidai kuwa walikuwa katika majaribio ya kuingia chama. Mwezi wa Desemba 2024 ilitiwa sahihi sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vya Marekani kuhesabu na kutangaza matukio ya uonevu wa namna hii. Sheria hutungwa pale ambapo aibu imeshindwa.

Wanaotetea mateso wana hoja mbili, nazo zastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kuwa kitu kilichopatikana kwa urahisi hakithaminiwi. Ni kweli, lakini ugumu si mateso. Kujifunza historia ni kugumu, kutumika kijijini siku nzima ya Jumamosi ni kugumu, kukubali kusahihishwa na mtu aliyekutangulia kwa mwaka mmoja tu ni kugumu kupita kofi. Kofi halimfunzi mtu ila kuvumilia kofi, na kungoja zamu yake ya kulipiga. Hoja ya pili ni nyembamba zaidi na ina nguvu zaidi: walioteswa pamoja hupendana. Hii nayo ina ukweli, na ndiyo hatari yake. Mapenzi yaliyozaliwa na hofu hufanana sana na mapenzi, hata wenyewe hawatambui tofauti. Tofauti huonekana siku moja tu, nayo ni siku ambayo dada mmoja ameumia sakafuni na wengine wanashauriana iwapo waite daktari au walinde jina la tawi. Siku hiyo udada wa kweli hupiga simu. Ule mwingine hukaa kimya, ukaita kimya hicho uaminifu.

Siri basi yahitaji kupambanuliwa. Ipo siri ya kifuani na ipo siri ya shimoni. Kungwi ana siri, na siri yake haimdhuru mwari. Ikifichuliwa yapotea ladha yake, lakini hapana atakayefungwa. Chama cha udada kina haki ya kuwa na salamu, kiapo na usiku wake wa mishumaa, na mwenye kuvidharau hajui kuwa mtu hupenda zaidi kile asichoweza kukieleza kwa kila mpita njia. Lakini siri ambayo ikifichuliwa huleta polisi haikuwa siri tangu mwanzo. Ilikuwa kosa lililovikwa nguo ya siri. Mzee wa chama anayeona kosa hilo akanyamaza kwa heshima ya waasisi amewatukana waasisi, kwa maana hakuna katika wale wa 1908 wala wa 1913 aliyeanzisha nyumba ili binti wa mtu aumizwe ndani yake.

Ikiwa mateso si kipimo cha udada, kipimo chake ni nini? Historia ya vyama hivi yenyewe yajibu. Mwaka 1935, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, wanawake wa Alpha Kappa Alpha walikwenda wilaya ya Holmes katika jimbo la Mississippi kutibu watu maskini, wakiongozwa na daktari Dorothy Boulding Ferebee. Walikusudia kufungua kliniki ambako watu wangekuja. Wenye mashamba makubwa ya pamba hawakupenda wafanyakazi wao watoke mashambani. Basi wanawake wale wakageuza motokaa zao wenyewe kuwa kliniki, wakaendesha juu ya barabara za vumbi shamba kwa shamba, wakawachanja watoto kinga ya dondakoo na ndui huku wakitazamwa na wasimamizi. Walirudi kila msimu wa kiangazi mpaka mwaka 1942, vita vilipowazuia. Wengi wa watoto wale hawakupata kujua maana ya herufi tatu za Kigiriki. Hawakuwa na haja ya kujua.

Mkono huo ulifika na Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 Delta Sigma Theta ilisaidia huduma ya wazazi katika hospitali ya misheni ya Thika, Kenya, iitwayo Mary Help of the Sick. Mama wa Kikuyu aliyejifungulia hapo na msichana wa Howard aliyechanga dola yake katika mkutano wa tawi hawakuonana kamwe. Lakini ikiwa neno dada lina maana yoyote ipitayo salamu, basi lilitimia baina ya hao wawili kuliko baina ya watu wawili wenye koti la rangi moja ambao hawatendi neno.

Tabia moja ya vyama vya weusi huvipambanua na vingi vya wenzao. Katika vyuo vingi, chama cha ujanani huisha na ujana. Joho la kuhitimu likivuliwa, beji huingia sandukuni. Kwa wanawake hawa, chuo ni ubarazani tu. Msichana akihitimu huhamia tawi la waliohitimu katika mji anaofanyia kazi, na humo hukuta walimu, wauguzi, mahakimu na bibi waliostaafu, ambao watamtaka alipe ada yake, aketi, apewe kazi ya kufanya. Wengine huingia chama kwa mara ya kwanza wakiwa na umri huo. Desturi hii ilitokana na haja: mwalimu mweusi aliyetumwa mji mgeni katika siku za ubaguzi hakuwa na hoteli ya kulala wala mlango wa kubisha, isipokuwa mlango wa dada. Leo hoteli ni wazi, lakini kuna upweke mwingine usiotibiwa na hoteli, na matawi yale yamebaki.

Yaweza kuulizwa iwapo haya yote hayangefanyika bila ya herufi, lulu na miito. Pengine yangefanyika. Lakini binadamu ni mzito kuinuka kwa ajili ya mtu asiyemjua, na ni mwepesi kuinuka kwa ajili ya jina alilopewa. Alama zikimfundisha msichana kumpenda dada aliye karibu, na dada aliye karibu akamfundisha kumwona aliye mbali, zimefanya kazi yake. Zikimfundisha kujipenda tu katika kioo chenye rangi mbili, zimemwibia miaka minne. Deni la aliyechaguliwa ni kwa wale ambao hawakuchaguliwa. Anayelilipa ni dada, na asiyelilipa ana beji.

Miongoni mwa wale wasichana 22 alikuwako mmoja aitwaye Bertha Pitts Campbell. Alitembea Washington mwaka 1913 akiwa mwanafunzi, katika kundi lililoambiwa likae nyuma. Mwaka 1981 Delta Sigma Theta ilikusanyika katika mji ule ule kuikumbuka siku hiyo, na maelfu ya wanawake wakatembea tena katika njia ile ile ya Pennsylvania Avenue. Bibi Campbell alikuwa na umri wa miaka 92. Aliwatangulia, yeye akiwa mbele na wao nyuma yake, wengi wao wakiwa wamezaliwa baada ya nywele zake kuwa nyeupe. Hakuna aliyemzaa wala aliyezaliwa naye katika umati huo kwa lazima ya damu. Walikuwa wamechaguana tu, kila kizazi kikamshika mkono aliyefuata, kwa muda wa miaka 68.